Kijiji Kisigeuzwe Mitaa Kabla Wanakijiji Hawajapiga Kura

Katika jimbo la New York, ninakoishi na familia yangu kati ya Syracuse na Rochester, serikali ya kijiji inaweza kuvunjwa na wanakijiji wenyewe kwa kura ya siri, na kazi zake zote zikahamia kwa serikali ya mji unaokizunguka. Kwetu Tanzania vijiji navyo hufikia mwisho, hasa pale mji unapokua na kuvifikia, lakini mwisho huo huja kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Ninaandika kwa sababu kijiji cha baba zangu kimekwisha kugeuzwa mitaa, na yaliyofuata yamenifanya niutazame utaratibu wa huku kwa makini zaidi.

Mji ninaouzungumzia hapa ni eneo la utawala linalochukua mashamba, misitu na makazi, na kijiji huwa ndani yake. Kwa hiyo mwanakijiji ni raia wa serikali mbili kwa wakati mmoja, na hulipia zote mbili. Mwenye nyumba ndani ya kijiji hupokea ankara ya kodi ya mji na kaunti mwezi Januari, ya kijiji karibu na Juni, na ya shule Septemba. Anapoona mji una mafundi wake wa barabara na kijiji kina wa kwake, mji una karani na kijiji kina karani, ni haki yake kuuliza kama anahitaji kulipia vyote hivyo.

Tangu Machi 2010, sheria ya jimbo inamruhusu kuuliza swali hilo kwa nguvu. Saini za asilimia 10 ya wapiga kura wa kijiji zinatosha kuitisha kura ya kukivunja, ingawa vijiji vidogo sana huhitaji asilimia 20. Wakikubali, baraza la kijiji lina siku 180 za kuandaa mpango wa maandishi unaoeleza deni litalipwa na nani, wafanyakazi wataenda wapi, maji, majitaka na taa za barabarani zitasimamiwa vipi, na majengo ya kijiji yatakuwa mali ya nani. Mpango huo hujadiliwa hadharani, na baada ya kupitishwa, wananchi wana siku 45 za kukusanya saini za asilimia 25 ili kudai kura ya pili. Kura hiyo ikiukataa mpango, kijiji kinabaki. Wapo waliokubali kura ya kwanza wakaugeuka mpango walipousoma, na mimi sioni kigeugeu katika hilo, maana mtu hawezi kulipima jambo ambalo hajaonyeshwa.

Seneca Falls, mahali palipofanyika mkutano mashuhuri wa haki za wanawake mwaka 1848, palikuwa na kijiji chenye serikali yake tangu 1831 na wakazi zaidi ya 6,000. Wanakijiji walipiga kura Machi 2010, na tarehe 31 Desemba 2011 serikali hiyo ikafikia tamati. Polisi wa kijiji wakawa polisi wa mji. Mabishano yalikuwa makali, kwa sababu mzigo wa kodi uliopungua ndani ya kijiji ulipaswa kubebwa kwa sehemu na waliokuwa nje yake, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba wanakijiji waliamshwa asubuhi moja wakakuta hawana kijiji.

Baba yangu mdogo aliamshwa hivyo. Alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na siku aliponipigia simu alisema, “Mwanangu, muhuri wetu umechukuliwa.” Wakubwa wa wilaya walikuwa wamefika mara moja kutoa taarifa kwamba eneo limeingia mjini, wakasikiliza maswali machache, wakaondoka. Baadaye watu waliokuwa na barua za mauziano ya mashamba, zenye sahihi za mashahidi na muhuri wa kijiji, waliambiwa waanze upya kwa kupimiwa viwanja kwa gharama zao.

Kiini cha malalamiko yetu kiko hapo kwenye ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji. Hati ya hakimiliki ya kimila ya mwanakijiji inaweza kuwa haina ukomo wa miaka, ilhali mjini hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, kumiliki mali na kushtaki mahakamani kwa jina lake. Mtaa hauna uwezo huo, na neno juu ya ardhi huhamia halmashauri ya mji, ambako watu wetu wana diwani mmoja kati ya wengi. Sikatai kwamba mji huleta barabara, maji ya bomba na mipango bora ya makazi. Ninachokataa ni mtu kupoteza mamlaka makubwa kiasi hicho bila kuulizwa.

Utaratibu wa New York nao una kasoro ambazo singependa tuziige. Wakazi wa mji walio nje ya kijiji hawapigi kura katika uamuzi huo, ingawa wao ndio watakaorithi mitaro na mabomba. Tena jimbo huupa mji ruzuku ya kila mwaka inayofikia asilimia 15 ya kodi ya mali ya kijiji na ya mji zikijumlishwa, isiyozidi dola milioni moja, na fedha hizo zinaweza kuvuta uamuzi upande mmoja. Zaidi ya hayo, vijiji vya huku havina chombo kama mkutano mkuu wetu, ambamo bibi wa miaka 80 anaweza kusimama na kumwambia mwenyekiti asome upya hesabu za mapato na matumizi.

Kwa kuwa chombo hicho tunacho tayari, ndicho kinachopaswa kupiga kura ya siri kabla Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa hajatia saini tangazo la kukigeuza kijiji. Mpango ubandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa miezi kadhaa, ukiorodhesha msitu, zahanati, eneo la malisho na ofisi ya kijiji, na kutaja kila kimoja kitakuwa mikononi mwa nani. Barua za mauziano na hati za kimila ziendelee kutambuliwa mpaka mwenye nazo apewe hati ya mjini bila malipo, na wanakijiji wakiukataa mpango, uandikwe mwingine.