One Night Stand ya Flamin' Groovies: kiporo au chakula kipya?

Mashabiki wa pawa popu, yaani roki ya magitaa yenye tuni tamu, wakiigusa One Night Stand, hugawanyika papo hapo. Hii ni albamu ambayo Flamin' Groovies, bendi ya San Francisco, waliirekodi Sydney mwaka 1986, ikatoka 1987. Upande mmoja unasema ni marudio ya haraka, anayeitaka bendi hii atafute santuri zake za zamani. Upande wa pili unasema ndiyo inayothibitisha kwamba bendi ilikuwa bado hai. Pande zote mbili zina hoja, ila mara nyingi zinapima kwa mizani mbovu.

Nyimbo zilizomo ni kumi, na hakuna hata moja mpya iliyotungwa na bendi. Nne ni zao za zamani: "Teenage Head" ya 1971, "Slow Death" ya 1972, kisha "Shake Some Action" na "I Can't Hide" za albamu ya 1976, Shake Some Action. Sita ni za wengine, kuanzia "Money" iliyoimbwa kwanza na Barrett Strong hadi "Bittersweet" ya Hoodoo Gurus, wenyeji wa Sydney. Hata "Tallahassee Lassie" ya Freddy Cannon, Groovies walishaiimba miaka ya sabini. Albamu yao ya studio iliyotangulia, Jumpin' in the Night, ilikuwa ya 1979. Umesubiri miaka minane, unaandaliwa kiporo. Anayelalamika ana haki yake.

Lakini tazama nani alikuwa ameshika rekodi za awali. "Teenage Head" ilitoka kampuni ya Kama Sutra, "Slow Death" ikatoka United Artists, na zile mbili za 1976 zikatoka Sire. Kampuni ndogo ya ng'ambo ikitaka kuziweka nyimbo hizo nne kwenye santuri moja ingelazimika kubisha hodi kwenye milango mitatu, kila mmoja na bei yake. Kuzirekodi upya kunaukwepa mzunguko huo wote, kwa sababu haki ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa, ni kitu kimoja, na haki ya utunzi, yaani wimbo wenyewe, ni kingine. Mikataba ya kurekodi ya zama hizo kwa kawaida ilimkataza msanii kurudia wimbo kwa miaka kadhaa, mara nyingi mitano. Kufikia 1986 ilikuwa imepita saba tangu albamu ya mwisho ya Sire.

Faida hiyo ina shimo lake. Kila nakala ikiuzwa, mtunzi wa kila wimbo hulipwa, awe bendini au asiwe. Hapa nyimbo sita kati ya kumi zinapeleka malipo ya utunzi nje. Hata zile nne si za Cyril Jordan, mpiga gitaa wa bendi, peke yake: mbili alizitunga na Roy Loney, mwimbaji wao wa kwanza, mbili na Chris Wilson aliyemrithi, na wote wawili hawakuwamo tena kwenye bendi. Kwa hiyo hoja kwamba albamu hii iliwapa wanamuziki mali yao wenyewe ina ukweli nusu tu.

Sasa sauti, na hapa ndipo ubishi unapopotea njia. "Shake Some Action" ya awali ilirekodiwa 1972 studio ya Rockfield, Wales, mtayarishaji akiwa Dave Edmunds, fundi wa kurundika tabaka za sauti. Gitaa lile lile likipigwa mara mbili, tofauti ndogondogo za muda na za mkazo wa nyuzi hufanya sauti ivimbe. Kuongeza sauti ya gitaa moja hakuleti matokeo hayo. Kazi hiyo inakula saa nyingi. Watu wanne wakipiga pamoja kwa haraka chumbani, matoazi ya dramu huingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji, na ukiinua sauti yake unayainua nayo. Ukiisikiliza ya Sydney ukitafuta ule ukuta wa magitaa, hutaupata. Utakachosikia ni mifupa ya wimbo: ule mpigo wa mwanzo umebaki mtupu, na bado unasimama. Hilo mimi naliona ni jambo kubwa, maana nyimbo nyingi zenye tabaka huporomoka ukizivua nguo.

Kuna pia mtego wa santuri yenyewe. Kwenye albamu ya 1976 "I Can't Hide" ni wimbo wa mwisho kati ya 14, yaani uko karibu kabisa na kitovu. Santuri inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika hupita chini ya sindano kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde ukingoni, lakini karibu na lebo ni kama sentimita 21 tu. Mawimbi yanabanana, sindano inashindwa kuyafuata, na herufi "s" zinaanza kukwaruza. Wengi walioamua kwamba marudio ya "I Can't Hide" ni safi kuliko ya awali walikuwa wanapima mfereji wa santuri, si bendi. Linganisha kwa nakala za kidijitali. Punguza ile yenye sauti kubwa zaidi hadi sauti ya mwimbaji ilingane kwenye zote mbili, kwani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja tu ya ziada inatosha kumfanya msikilizaji aipende isivyo haki. Kisha sikiliza kwa spika moja, sekunde 30 za kila toleo, ukibadilishana.

Nikifanya hivyo, "I Can't Hide" ya Sydney bado inashinda kwa uchangamfu, japo kwa kiasi kidogo kuliko inavyodaiwa. "Teenage Head" inashindwa waziwazi: ulikuwa wimbo wa koo la Loney, ule mkwaruzo wenye kiburi, na uimbaji wa hapa ni mpole mno kwake. "Slow Death" inapoteza hatari yake. "Bittersweet" ndiyo inayonifanya niitunze santuri hii, kwa sababu haina toleo la zamani la Groovies la kuifunika. Wakongwe wa 1976 wanapokea wimbo kutoka kwa vijana wa Australia na kuupiga kana kwamba ni wao, na humo, si kwenye "Shake Some Action", unaisikia bendi ya 1986 ikijisemea yenyewe.