What's My Line?: watu maarufu walipohangaika na kazi za watu

Kuanzia Februari 2, 1950 hadi Septemba 3, 1967, kituo cha CBS cha Marekani kilikuwa na kipindi cha usiku kiitwacho What's My Line?, yaani "kazi yangu ni ipi?", chenye mchezo rahisi kupindukia. Anaingia mgeni asiyejulikana, anaandika jina lake ubaoni kwa chaki, anaketi kando ya mwendeshaji John Daly. Jopo la watu wanne maarufu linamhoji ili libaini anafanya kazi gani, na yeye hujibu ndiyo au hapana tu. Kila "hapana" ilimpa dola 5, na Daly aligeuza kadi moja kuihesabu. Zikifika 10, jopo limeshindwa na mgeni anaondoka na dola 50. Ni kitendawili, na asiyeweza kukitegua hutoa mji. Ila hapa waliotoa mji walivaa suti nyeusi za jioni na magauni ya dhifa, taifa zima likiwatazama.

Vipindi vyake vingi sasa vinapatikana YouTube, na wanaovitazama wamegawanyika. Wapo wanaovisifu kama kumbukumbu ya televisheni yenye adabu: hakuna kelele, hakuna matusi, mwanajopo Bennett Cerf, mchapishaji wa vitabu, anataniana na Daly, na mwanajopo mwenzake, mwigizaji Arlene Francis, anamcheka kila mtu bila kumuumiza yeyote. Wengine wanaona wakubwa wa New York wakijistarehesha kwa jasho la watu wadogo.

Wanaosifu wana hoja yenye uzito, nayo ni pesa. Mwaka 1955 ulianza mtindo wa michezo ya maswali yenye zawadi kubwa, na miaka michache baadaye ikafichuka kuwa baadhi yake ilipangwa. Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu aliyeshinda dola 129,000 katika mmojawapo wa michezo hiyo, Twenty-One, alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1959 kwamba alikuwa akipewa majibu mapema. Michezo mingi ya aina hiyo ilifutwa. What's My Line? ikabaki hewani miaka mingine minane. Nani angehonga au kudanganya kwa ajili ya dola 50? Tena mara nyingi Daly aligeuza kadi zote kabla ya wakati, mgeni akapata dola zake 50 hata kama jopo lilishatambua kazi yake.

Lakini usafi huo usitiwe chumvi. Gil Fates, aliyekuwa mtayarishaji mtendaji, alieleza baadaye kwamba kuna nyakati baadhi ya wanajopo walidokezewa mkondo wa maswali utakaoleta kicheko, bila kuambiwa jibu. Mbinu yenyewe ilitegemea jambo moja: watazamaji walishaonyeshwa kazi ya mgeni kwa maandishi kwenye skrini, jopo halijui. Mwanajopo anauliza kwa upole kama bidhaa hiyo inaweza kutumika kitandani, ukumbi unaangua kicheko, naye anajifanya kushangaa. Si udanganyifu wa Van Doren. Hata hivyo, kicheko kilipikwa, na mgeni hakuwa miongoni mwa wapishi.

Hapo ndipo wakosoaji wanapopata nguvu, hasa kuhusu wanawake. Daly alikuwa na swali lake la kudumu kwa kila mgeni wa kike: wewe ni Miss au Mrs.? Wanaume hawakuulizwa kama wameoa. Miaka ya mwanzo wageni walipitishwa mbele ya jopo wakaguliwe kabla ya kuketi, na mrembo alipoingia ukumbi ulimpigia miluzi. Kisha angalia kazi zilizochaguliwa. Mwanamke mwenye kazi iliyozoeleka kuwa ya wanaume alikuwa mgeni bora kuliko wote, kwa kuwa wanajopo wanne wenye akili nyingi wangezunguka muda mrefu bila kuifikiria. Kitendawili kilifumbwa kwa dhana waliyokuja nayo watazamaji: dhana isingekuwepo, na mchezo usingekuwepo.

Mimi hoja hii naikubali nusu. Kweli mtego ulitengenezwa kwa ubaguzi, lakini aliyenaswa hakuwa mgeni. Dorothy Kilgallen, mwanajopo na mwandishi wa safu za magazeti aliyeuliza kama mwendesha mashtaka, alichukia kushindwa waziwazi. Kumwona amekwama mbele ya mwanamke mtulivu anayejua kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini, huo ndio utamu wa kipindi. Bila umaarufu wa jopo utamu huo usingekuwepo. Watu wanne wa kawaida wakishindwa kubahatisha, hakuna habari. Watu wanaolipwa kwa ajili ya akili zao wakishindwa na fundi, hiyo ni habari.

Sehemu ya mgeni wa siri ndiyo inayosambaa zaidi leo: jopo likifungwa macho kwa vitambaa, mtu mashuhuri akibadili sauti. Salvador Dalí alijibu "ndiyo" karibu kwa kila swali, na Daly akalazimika kumrekebisha. Inachekesha sana, ila kwangu ni sehemu nyepesi ya kipindi. Mashuhuri akimtambua mashuhuri mwenzake, wanapongezana tu. Kipimo kilikuwa kwa wale wageni ambao jina lao ubaoni halikumwambia mtu chochote.

Lipo pia doa ambalo wapenzi wa adabu ya zamani hulipita haraka. Mshairi Louis Untermeyer alikuwa kwenye jopo tangu mwanzo. Jina lake likatajwa katika kijitabu kilichoorodhesha wasanii walioshukiwa kuwa na mwelekeo wa kikomunisti, barua za malalamiko zikamiminika, na mwaka 1951 akaondolewa. Nafasi yake aliipata Cerf, huyo huyo tunayemfurahia leo. Kipindi kilichoweza kumvumilia mkulima na mchinjaji kwa heshima zote kilishindwa kumtetea mwanajopo wake mbele ya hofu ya wadhamini.

Waandaaji wa leo wanaoiga muundo huu huanza kwa kuongeza zawadi na kujaza jopo wachekeshaji. Naona wanakosea mara mbili. Mchekeshaji hana cha kupoteza asipojua, kwa hiyo kutojua kwake hakumpandishi mgeni hata hatua moja. Zawadi ikikua, naye mgeni anaanza kulinda pesa badala ya kuwafurahia wanaohangaika. Bora wapunguze zawadi, watafute profesa, mhariri na jaji, wawaketishe mbele ya fundi wa kuchonga mashua, na wasimuulize mgeni wa kike kama ameolewa.