Kasi Bakini Nayo, Mimi Nataka Mshale Usiovunjika

Juzi nilimsikia muuzaji mmoja wa pinde hapa Minnesota, Marekani, akimwambia kijana mwenzetu wa Kisumu kwamba mishale ni vitu vya kutumia na kutupa. Kijana alikuwa ameshalipia upinde wa kapi wa kuwindia, uliomtoa zaidi ya dola elfu moja. Mishale akafungiwa dazeni ya bei ya chini kuliko zote dukani, myepesi kama mirija ya soda, eti "ina kasi." Nilinyamaza kwa sababu duka ni la watu. Hapa ni kwangu.

Hiyo kasi kwanza. Namba inayochapishwa na watengenezaji, tuseme futi 350 kwa sekunde, hupatikana kwa upinde unaohitaji nguvu ya paundi 70 kuuvuta, ugwe ukivutwa nyuma inchi 30, na mshale wa greini 350, yaani gramu 23 hivi. Hiyo ni greini 5 kwa kila paundi. Ukishuka chini ya hapo unauumiza upinde wenyewe, karibu sawa na kuachia ugwe bila mshale. Wewe unavuta inchi 28, unakimbizana na namba ya mtu mwenye mikono mirefu! Na kulungu hajali. Mlio wa ugwe husafiri futi 1,100 hivi kwa sekunde, kwa hiyo uwe na 280 au 350, sikio lake lina habari zako kabla mshale haujafika. Mshale mzito angalau hunyonya nguvu zaidi ya upinde, na upinde ukapunguza kelele.

Lakini kilichonichoma ni lile neno "kutupa."

Mshale wa kaboni hauvunjiki popote tu. Okota uliovunjika uutazame: mara nyingi umepasuka mbele, nyuma kidogo ya inseti, kile kipande cha chuma kinachogundishwa ndani ya uti ili chembe kifungwe humo. Chembe kikigonga kombe la bega kwa upande, inseti nyepesi ya alumini hupinda au hurudishwa nyuma ndani ya bomba, na kaboni inachanika nyuzi nyuzi. Hapo umepoteza mshale, na pengine umemwacha mnyama na jeraha anakwenda nalo msituni. Hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi, si bei ya dazeni.

Dawa yake si siri. Weka inseti ya shaba nyeupe au chuma, ndefu, iingie ndani vya kutosha. Juu ya mdomo wa uti vika pete ya alumini. Uti ukatwe kwa msumeno wa diski, mdomo usuguliwe hadi ukae mraba kabisa, kwa sababu inseti iliyolala upande haiokolewi na gundi yoyote. Ndani papigwe msasa kidogo, pafutwe kwa spiriti mpaka pamba itoke safi, kisha gundi ya epoksi inayokauka kwa saa 24. Ndiyo, saa 24. Wenye haraka wana gundi ya moto, na wana mazoea ya kuacha vyembe vyao ndani ya shabaha.

Watu wanapenda kumtaja Ed Ashby, yule Mmarekani aliyefanya majaribio yake ya mishale ya kuwindia huko Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980. Wanamtaja kuhusu uzito wa mbele tu, yaani kuuweka uzito wa mshale upande wa chembe. Katika orodha yake ya vinavyofanya mshale upenye mnyama, cha kwanza ni mshale kubaki mzima. Cha pili ni kuruka sawa. Uzito wa mbele unakuja baada ya hapo, jamani! Na Wahadzabe, wawindaji wa kule Ziwa Eyasi, Tanzania, hawakumsubiri Ashby wala mtu yeyote: chembe cha chuma kinapoingia kwenye uti, wanakaza kwa kano la mnyama. Sisi wa Kenya, uwindaji ukiwa marufuku tangu 1977, wengi tunayajifunza haya ukubwani, tena ugenini, ndiyo maana muuzaji anatuuzia chochote.

Ukiongeza uzito mbele, uti wenye namba ya ugumu 400 utalegea, uhamie 340 au hata 300. Namba ikiwa ndogo, uti ni mgumu zaidi. Basi.

Haya, nakubali: mshale wa greini 500 unashuka haraka, na ukikosea umbali kwa yadi tano ukiwa yadi 40, utalijutia hilo. Anayepiga shabaha za sponji wikendi abaki na mishale yake myepesi kwa amani. Mimi nazungumzia nyama na mifupa.

Na kabla ya kila mshale kurudi kwenye ugwe, ukunje taratibu karibu na sikio. Ukisikia kijimlio, uvunje kabisa uutupe. Kaboni iliyopasuka ikikatikia kwenye upinde huingia mkononi, na picha za mikono hiyo mmeziona.

Najua mtaniuliza kuhusu vyembe vinavyofunguka vikigonga. Kwa upinde wa paundi 70, shauri yenu. Mke wangu anavuta 45, na nguvu ya kufungulia mabawa ya chembe hutoka kwenye mshale uleule, kwa hiyo kwenye podo lake haviingii. Ananiambia mishale yangu ni mizito kubeba. Abebe.