Maji Yaliyo Chini ya Mteremko

Nyuma ya nyumba yangu, Uyole, Mbeya, kuna mteremko wenye ufa. Masika yaliyopita nilichomeka vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, nikavifunga uzi. Mvua iliponyesha siku tatu mfululizo uzi ulikazika, na asubuhi ya nne niliukuta umekatika. Nilijua kwamba udongo umesogea, lakini sikujua kilichousogeza, wala sikujua mapema.

Ndiyo maana kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, imenigusa. Kuanzia mwaka 2003, kwenye barafuto (mto wa barafu unaosogea polepole) ya Briksdalsbreen huko Norway, walitoboa mashimo kwa maji ya moto, wakatumbukiza humo vihisi vidogo visivyotumia waya. Vihisi hivyo vilipima joto, mgandamizo wa maji na mwinamo, vikatuma vipimo kwa mawimbi ya redio hadi kituo kilichokuwa juu ya barafu. Maji yenyewe yaliwasumbua, kwa sababu barafu iliyoloa humeza mawimbi, hivyo mawasiliano yalikuwa bora zaidi majira ya baridi. Na kwa kuwa hakuna awezaye kubadilisha betri iliyofukiwa huko chini, kihisi hulala muda mwingi, kikaamka kidogo tu kupima na kutuma.

Barafuto haisukumwi na uzito wake peke yake. Maji yanayojikusanya chini yake hupunguza msuguano kati ya barafu na sakafu yake, nayo ikateleza. Udongo wa milima yetu nao hulegea kwa namna inayokaribiana na hiyo, maji yakishajaa kati ya chembe zake. Aprili 2024, tope la Mlima Kawetele lilipofunika nyumba na shule kule Itezi, macho yetu yaliona mvua na tope. Mgandamizo wa maji ndani ya mlima hauonekani kwa macho.

Naamini miteremko ya Mbeya iliyo juu ya makazi inastahili vihisi vya aina hii. Wanaosema tupande miti wana hoja, nami nimepanda, ila mti huchukua miaka na hauwezi kumwamsha mtu usiku. Kwetu kuchimba ni rahisi kuliko kwenye barafu, jua la kuchaji betri za kituo cha juu lipo, na mtandao wa simu umefika mitaa mingi. Tahadhari ianzie kwenye simu ya mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea, na ni mlango upi wa kugonga kwanza.