Zambarau Ndiyo Kadi

Msimu wa 2013/14 hapa Mbeya ulikuwa huwezi kuvaa zambarau ukabaki na mambo yako. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilikuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, ikaanza kuwatoa jasho wakubwa, na jiji likapagawa. Watu waliokuwa wakinuniana miaka na miaka kwa sababu ya Simba na Yanga wakawa wanakaa benchi moja pale Kabwe, wanagongeana chupa. Makonda zambarau. Wauza viazi wa Uyole zambarau. Jirani yangu, Yanga lialia, alipaka geti lake zambarau, na mkewe akamshukuru Mungu kwa sababu lile geti alikuwa ameomba lipakwe rangi tangu wanahamia.

Katikati ya wazimu huo, ukoo wa mke wangu ukapanga harusi ya shemeji yangu, na mama mkwe akachagua rangi ya sare.

Mama mkwe hakujua hata kama kuna timu. Alikwenda Mwanjelwa kutafuta kitambaa, akakuta majora ya zambarau yamejazwa mpaka nje ya maduka, akaamini ndiyo fasheni ya mwaka. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, mzee wa kanisa, ambaye alisema zambarau ni rangi ya Kwaresma. "Sasa tunafunga ndoa au tunafunga kula?" Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na mimi ndiye niliyekuwa kamati ya chakula.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mhasibu mstaafu, mtu wa tahadhari, ambaye harusi iliyotangulia ilimwachia jeraha. Watu walitoa kopi kadi za mialiko kwenye duka la stationery, wakazamia ukumbini na watoto wao. Safari hii alikuja na dawa. "Hakuna kadi," akatangaza kikaoni. "Kitambaa anapata aliyechanga tu. Kwa hiyo sare ndiyo kadi. Mwenye zambarau apite, asiye na zambarau arudi kwao." Kamati ikapiga makofi. Ratiba ya ligi hakuna aliyeiangalia. Mwenyekiti ni Simba wa zamani, kwake mechi isiyokuwa na Simba ni mazoezi tu.

Kanisani mambo yalikwenda vizuri, bibi harusi akalia inavyotakiwa. Kama saa kumi na mbili kasoro msafara ukaondoka Sae: mbele pikapu ya matarumbeta, nyuma yake Corolla ya maharusi iliyosheheni maua ya zambarau, halafu Noah, halafu Coaster iliyojaa mashangazi. Mpango ulikuwa tupite Kabwe, tugeuzie Mafiati, turudi ukumbini Soweto. Safari ya kujionyesha tu, kila harusi inafanya.

Tulifika Mafiati dakika zile zile ambazo watu walikuwa wanateremka kutoka Uwanja wa Sokoine. Na walikuwa wameshinda.

Walimwagika barabarani kama kumbikumbi baada ya mvua. Wanatazama, wanaona matarumbeta, wanaona magari ya zambarau, wanaona Coaster nzima ya zambarau inapiga vigelegele. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefikia hitimisho walilofikia wao: huu ni msafara wa timu. Bodaboda zikatuzunguka, honi haziachi. Kijana mmoja akagonga boneti ya Corolla, akapiga kelele, "Kocha yuko wapi? Tunataka kocha!" Dirisha likashushwa. Akachungulia, akakaa kimya kidogo, kisha nikamsikia anawaambia wenzake, "Jamani, kocha kavaa shela."

Mwenzake hakutaka kujua. "Hata kama! Ni wetu!"

Sasa, wapiga matarumbeta. Hawa watu mnawalipa kianzio, lakini wanachoishi nacho ni kutunzwa. Ndugu zetu walikuwa wamewatunza mia tano tano tangu kanisani. Mashabiki walianza kumbandika yule wa tarumbeta kubwa noti za elfu mbili kwenye paji la uso, akatutazama mara moja tu, akageuza shingo, na nyimbo za harusi zikaishia hapo. Pikapu ikakata kona kuelekea mjini badala ya kurudi Soweto. Dereva wa Corolla alikuwa ameambiwa asiachane na matarumbeta, akafuata. Na sisi tukafuata.

Tulizunguka mji. Maharusi walipungiwa mikono mpaka na askari wa usalama barabarani. Ndani ya Noah nilikuwa nimekaa na baba wa bwana harusi, mzee wa Kihehe kutoka Iringa, mpole, mwenye suti yake ya kijivu na ua la zambarau kifuani. Muda wote hakusema neno. Tulipofika jirani na Soko Matola akanishika mkono.

"Mkwe wetu," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa, "kwa kweli mmetupokea. Sikujua binti ana ndugu wengi namna hii."

Ningejibu nini?

Ukumbini tulikuwa tumeweka mgambo mlangoni, naye alikuwa amemeza maagizo ya mwenyekiti neno kwa neno. Niliruka kwenye gari nikakimbia kumwahi, lakini alikuwa ameshaanza kuruhusu watu.

"Hao si wageni!" nikamwambia.

"Bosi, wana sare."

"Hiyo ni jezi!"

"Mimi nimeambiwa rangi. Sikuambiwa mshono."

Wakati tunabishana, shangazi wa mke wangu, mmoja wa waliochanga fedha nyingi, alikuwa amesimama pembeni anatetemeka. Jua likizama Mbeya baridi haina adabu, naye alikuwa amevaa koti zito la kahawia juu ya gauni la sare. Mgambo alimkatalia kabisa. Shangazi, mtu wa miaka sitini na kitu, akalazimika kufungua vifungo hadharani kuthibitisha zambarau yake, huku vijana watatu wenye vuvuzela wakipita nyuma yake wanamwambia, "Shikamoo mama, tangulia tupo."

Nilikuwa nimelipia sahani 300. Mpishi alinitazama, akatazama ukumbi, akatazama sufuria zake, akavua aproni. Hakusema kitu, aliivua tu, akaikunja vizuri.

MC hakujua anaongoza nini tena. Alipoita "ndugu wa upande wa mke wasogee kupokea ndafu," nusu ya ukumbi ilisimama. Yule mbuzi alikuwa amechomwa mzima na kuwekewa majani mdomoni kwa heshima. Alibaki na majani. Ulipofika wakati wa zawadi mashabiki nao walipanga foleni, wanacheza, hawakutaka kuonekana wachoyo. Maharusi wakapokea skafu, vuvuzela, kofia iliyokuwa bado ina jasho, na tiketi ya mechi ya siku ile iliyokwisha kuchanwa. Ile tiketi, nasikia, shemeji anayo mpaka leo kwenye albamu.

Aliyefurahi kupita wote ni mjomba wa Tukuyu. Mjomba huyu ana hotuba moja. Iwe msiba, iwe ubatizo, iwe kikao cha vikoba, atasimama na kueleza jinsi Tukuyu Stars ilivyochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Ukoo umemzoea, akianza watu wanatoka kwenda kuangalia magari. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, alipata hadhira. "Ndaga fijo, asanteni sana, wanangu," akaanza, "mwaka 1986..." na ukumbi ukalipuka. Kila akitaja goli wanashangilia utafikiri limeingia sasa hivi. Wakambeba juu juu, wakamzungusha meza kuu, kofia yake ikapotea na haijaonekana tena. Bibi harusi hakumtaja hata kwa bahati mbaya. Mimi na mwenyekiti saa nne usiku tulikuwa jikoni, tunakwangua ukoko.

Msimu ule timu ilimaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Na Azam walikuja kukamilishia ubingwa wao hapa hapa Sokoine, Aprili 2014, kwa kutufunga 2-1. Siku ile nilipita Mafiati jioni kwa makusudi, nikitaka kuona wale wala pilau wangu wanabebaje. Sikuona hata mmoja. Niliona majaketi. Watu wa Dar mkifungwa mnagombana redioni mpaka Jumatano. Mbeya tukifungwa tunasikia baridi. Dakika ya tisini mtu mzima anatoa jaketi, anafunga zipu mpaka kidevuni, anapanda daladala anaongelea bei ya mbolea. Ukimuuliza matokeo anakuambia hakwenda uwanjani, alikuwa hospitali kumwona mgonjwa.

Miaka ikaenda, zipu zikazidi kupanda. Novemba 2022, Ihefu ya Mbarali ilipomfunga Yanga na kukata ule mwendo wa mechi 49 bila kupoteza, mwenyekiti wetu, yule Simba wa zamani, alilala ameshakuwa mzee wa heshima wa Ihefu, japokuwa Ubaruku, nyumbani kwa Ihefu, hajawahi kufika. Timu yenyewe ilikuja kuhamia Singida, yeye akawa hana habari nayo. Mbeya City nayo mwaka 2023 ikashuka daraja kwenye mechi za mchujo, mbele ya Mashujaa ya Kigoma. (Imerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, na jirani yangu nasikia ameulizia bei ya rangi.)

Shemeji yangu mdogo akaolewa Julai ya mwaka ule ule wa 2023. Mama mkwe akaenda Mwanjelwa, akarudi anang'aa. Zambarau! Majora yako chini, bei unataja mwenyewe! Nikapinga. Mwenyekiti akanijibu kihasibu kwamba mazingira yamebadilika, mji mzima hakuna anayeivaa, kwa hiyo sasa ndiyo sare salama kuliko zote. Utaratibu ukabaki ule ule.

Asubuhi ya harusi mimi na mke wangu tulipanda daladala Uyole, zambarau kuanzia kilemba mpaka tai. Gari lote likanyamaza. Konda alitutazama kwa muda, kisha akasema taratibu, "Poleni." Nikatoa nauli, akaisukuma. "Hapana, braza. Nyie mmeshatoa vya kutosha." Bibi mmoja aliyebeba kuku akamshika mke wangu bega. Tuliposhuka Kabwe kijana wa bodaboda akaniita kwa mbali, "Mzee, si uvue tu? Nani atajua?"

Na wageni wetu walilijua hilo kabla yangu. Julai ni baridi kweli, lakini siyo ile. Walikuja ukumbini wamevaa makoti, majaketi, vitenge mabegani, wengine shuka za Kimasai, sare imezikwa chini huko. Mgambo, safari hii kijana mwingine, naye alipewa maagizo yale yale: rangi. Akawarudisha. Alipowataka wafungue vifungo, baadhi walikataa kwa kuwa barabara ilikuwa jirani na watu wanapita. Shangazi wa koti la kahawia alimwonyesha gauni bila kuulizwa, akaingia wa kwanza, akachagua kiti.

Saa mbili usiku nina sahani 300 na watu hawafiki mia. Ndipo wakatokea mlangoni wazee kama kumi hivi, wamevaa jezi za zambarau zilizopauka, bila jaketi, wanatetemeka. Hawakuwa na fujo. Walisema wamesikia kuna mahali watu bado wanaivaa.

Mgambo akaniangalia. Nikamwambia, "Rangi si hiyo hapo?"

Walikula sahani tatu tatu. Mjomba alipowaona akadai kipaza sauti kabla ya MC kumwita, akaanza na 1986. Hawakushangilia. Alipofika pale kwenye ubingwa, mmoja akaweka paja la kuku chini na kufunika uso, wa pili akafuata, na ikafika mahali meza nzima inalia kwa kwikwi, mjomba mwenyewe amekwama katikati ya sentensi.

Baba wa bwana harusi, mtu wa Mbozi, akaniinamia sikioni. "Samahani mkwe. Wale wazee wanaolia ni akina baba wadogo wa binti?"

"Ndiyo, mzee," nikamwambia. "Imewauma sana anavyoondoka."