Mshono upoe kwanza, au kazi iendelee?

Kwenye karakana za kuchomea vyuma za Katwe, Kampala, ubishi huu hauishi: fundi angoje mshono upoe kabla ya kupiga tabaka jingine, au achomee mfululizo mteja aondoke na lori lake?

Wanaochomea mfululizo wana hoja. Umeme ukiwepo unautumia, maana ukikatika hujui utarudi lini. Kwa chuma laini cha mageti na madirisha, kungoja hakuongezi kitu. Kina kaboni kidogo na kinavumilia mengi. Hata bamba nene la kaboni nyingi linawapa haki: likipoa upesi mno, kando ya mshono panakuwa pagumu na pa kuvunjika, kisha haidrojeni ya rodi za kuchomea zenye unyevu (na mvua zetu hizi, nani anazikausha?) inaweza kupapasua saa kadhaa baada ya fundi kulipwa.

Lakini vyuma havifanani. Stenlesi ya kawaida ya tangi la maziwa kule Mbarara, ikikaa kwenye nyuzi 425 hadi 850, kromi yake, ile inayozuia kutu, hushikana na kaboni na kutu huanzia ubavuni mwa mshono. Ndiyo maana kikomo kinachotumika sana kabla ya tabaka linalofuata ni nyuzi 150. Bamba sugu la ndoo ya ekskaveta nalo, likipashwa kupita kiasi, hupoteza ule ugumu ambao mwenye mashine aliulipia.

Kinachonikera ni fundi anayeulizwa joto akaonyesha swichi ya ampea. Volti 24 kwa ampea 120, ukitembea milimita 150 kwa dakika, unamwaga joto la kama kilojuli 1.15 kwa kila milimita ya mshono. Punguza mwendo hadi 100, swichi hujaigusa, umefika 1.73, kabla ya kutoa kinachopotelea hewani. Wanaoyumbisha rodi ili mshono upendeze hupunguza mwendo hivyo bila kujua.

Kwa hiyo siwaungi mkono wa "ngoja" wala wa "endelea" mpaka nijue chuma chenyewe. Tone la maji likichemka juu yake linakuambia umefika karibu nyuzi 100 tu. Chaki ya joto inayoyeyuka kwenye 150 inasema zaidi. Ichore pembeni ya mshono, si juu yake. Kwenye stenlesi, isipoyeyuka, piga tabaka lako, usimcheleweshe mteja bure. Kwa bamba nene unahitaji chaki mbili, moja ya kikomo cha chini na nyingine ya kikomo cha juu.