Ndafu ya Meneja

Najua wengi mmeshaiona ile video kwenye status ya rafiki yangu, na mmeshaambiwa nilizimia. Sikuzimia. Niliinama kufunga kamba za viatu. Kwamba siku hiyo nilivaa viatu visivyo na kamba, hiyo ni habari nyingine.

Kwa wageni wa hapa: mimi ni dereva wa watalii Arusha, na tangu meneja wetu wa opereshini aondoke nilikuwa nakaimu nafasi yake. Kukaimu mnakujua. Kazi zote zako, mshahara ule ule wa zamani. Gari limezama tope Ndutu usiku, simu kwangu. Mgeni hali nyama na boksi lake la lanchi limejaa kuku, kwangu. Dereva kazubaa na simba huko Serengeti mpaka kibali cha saa 24 kinamwishia kabla hajafika geti la Naabi kutoka, kwangu. Sasa mtu kama huyo akisikia Ijumaa kuna kikao cha wafanyakazi wote cha kumtangaza meneja, afanye nini?

Niliweka oda ya ndafu. Mbuzi mzima wa kuchoma.

Si kwa jina langu, jamani, nina akili zangu. Nilimpa huyo huyo wa status hela ya kianzio apeleke kwa fundi kule Kwa Mrombo, ionekane ni sapraizi ya madereva kwa meneja wao mpya. Iingie saa kumi, hotuba ikiisha. Koti nikaazima kwa shemeji.

Mkurugenzi wetu hatangazi jambo mpaka alizungushe kwanza. "Mtu huyu," akaanza, "ameanzia chini kabisa." Mimi nilianza kwa kuosha magari. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Mtu huyu anapokea simu usiku wa manane." Nikafunga kifungo cha koti. "Mtu huyu, wageni wakifika kwao wanaandika kumshukuru kwa jina." Jirani yangu akanipiga kiwiko. Nikaanza kuinuka, ule uinukaji wa taratibu wa mtu asiyetarajia kitu. "Naomba tumpokee kwa makofi..." Nimeshasimama wima, mkono kifuani, uso nimeupanga. "...dada yetu wa rizavesheni!"

Wewe unayecheka hapo, nimekuona.

Kukaa siwezi. Kwenda mbele siwezi. Ule mkono wa kifuani ukatafuta mwenzake, ikakutana, nikaanza kupiga makofi. Peke yangu. Nikaona hayatoshi, nikapiga na kigelegele, mwanaume mzima na ndevu zangu. Wenzangu wakadhani ndio utaratibu, ukumbi wote ukasimama. Mzee akaninyooshea kidole: "Mnaona? Huo ndio moyo ninaoutaka!" Nikasema moyoni, limepita.

Mlango ukafunguliwa.

Vijana wawili wenye aproni nyeupe, katikati yao ubao, juu ya ubao mbuzi mzima kapiga magoti, mafuta yanamtiririka, mchicha mdomoni. Shingoni kavishwa kadi: HONGERA MENEJA WETU. Dada wa watu akajifunika uso, machozi. "Jamani madereva, mmenifanyia mimi hivi?" Madereva wakatazamana. Kisha wakamtazama rafiki yangu. Rafiki yangu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mbuzi.

Na hapo bado ningepona. Lakini fundi mwenyewe alikuwa nyuma yao na daftari. "Samahanini wakubwa, salio anamalizia nani? Maana hapa nimeandikiwa..." Akasoma jina langu. Yote matatu, mpaka la babu, kwa sauti ya mtu anayeita wagonjwa.

Ndipo vile viatu vikahitaji kufungwa.

Mengine ni mafupi. Nikalipa. Meneja akakata nyama, akanilisha kipande cha kwanza mbele ya watu, nikatafuna. Mzee akanishika bega akasema zamu yangu itakuja. Na nimesikia kwamba huyo dada aliandika barua ya maombi. Kumbe kulikuwa na barua! Halafu kazi anaiweza, ndicho kinachoniuma. Vibali vya geti vyote yeye ndiye aliyekuwa anavilipia, na sijawahi kusikia dereva wetu karudishwa kwa ajili ya malipo. Jumatatu akaniita ofisini. Nikajua ni pole. Akanipa ratiba: Ndutu, na mvua hizi.

Shemeji anataka koti lake, lina mafuta ya mbuzi kwenye mkono wa kulia. Fundi naye ananipigia kila asubuhi anataka ubao wake. Ubao uko ofisini kwa meneja, kauegemeza ukutani, kadi bado ipo. Mwenye ujasiri wa kuingia kuuchukua anicheki inboksi, nauli ya bodaboda natoa mimi.